Nani alimpandisha mbu Heru Juu?

Mvua zinapokolea katika nyanda za juu za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, foleni za akina mama wenye watoto mgongoni hurefuka katika zahanati. Homa, kutapika, degedege, upungufu wa damu. Tumeizoea sana hali hiyo hata tunasema malaria ni ugonjwa wa siku zote, ulikuwako tangu enzi za mababu na utaendelea kuwako. Juma hili nataka kuipinga kauli hiyo, na nitaipinga kwa historia ya mahali pamoja, Heru Juu.

Heru Juu leo ni kata katika Halmashauri ya Mji wa Kasulu. Zamani palikuwa makao ya mwami, mtawala wa Heru, mojawapo ya tawala kubwa za Buha. Wasikilizaji wenye umri mkubwa watamkumbuka Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika utawala huo mwaka 1946, wakati ambapo katika Tanganyika nzima kumwona mwanamke katika kiti cha utawala lilikuwa jambo la ajabu. Lakini leo sizungumzii kiti chake. Nazungumzia mlima kilipowekwa.

Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha meta 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Ujiji kuelekea Kasulu na Manyovu unapanda, na nyanda hizo hufika hadi kupita meta 1,500. Usiku wa huko ni wa blanketi na moto. Sasa, baridi hiyo ina kazi yake. Mbu aina ya anofelesi akimuuma mgonjwa hunywa vijidudu vya malaria pamoja na damu, lakini hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku hiyo hiyo. Vijidudu vinahitaji kukomaa kwanza ndani ya mwili wake. Penye joto la nyuzi 25 hivi kazi hiyo humalizika kwa siku 12 au karibu na hapo. Joto likishuka hadi nyuzi 20, siku zinaongezeka maradufu. Likishuka chini ya nyuzi 16, kazi inasimama kabisa. Na maisha ya mbu ni mafupi. Wachache sana huvuka majuma matatu au manne. Kwa hiyo mlimani penye baridi mbu anaweza kuwako, akauma, akavimbisha ngozi, lakini akafa kabla sumu yake haijaiva.

Hiyo ndiyo kinga ya kwanza ya watu wa Heru. Haikununuliwa dukani wala haikuletwa na mradi. Ilikuwa ni mahali walipojenga.

Je, watu wa zamani walilijua hilo? Wataalamu wa Ulaya walichelewa sana kuamini kwamba mtu mweusi angeweza kujua lolote juu ya homa. Mwingereza Richard Burton aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1856 kwamba Wasomali wanaamini homa huletwa na kuumwa na mbu, naye akalihesabu jambo hilo kuwa ushirikina tu. Miaka miwili baadaye, mwezi Februari 1858, bwana huyo huyo aliingia Ujiji akiwa hajiwezi kwa homa alizozipata njiani, na mwenzake Speke karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Mbu hakusoma kitabu chake. Miaka arobaini ikapita. Mwaka 1897 Ronald Ross akaonyesha huko India kwamba vijidudu vya malaria vinakua ndani ya mbu. Mwaka uliofuata Mjerumani Robert Koch alikuwa katika milima ya Usambara akitafuta mahali pasipo na malaria ili wazungu wapate kukaa, na wenyeji walimweleza kwamba wakiteremka tambarare huugua homa, kwamba homa hiyo wanaiita mbu, na kwamba inaletwa na mdudu anayewauma huko, naye pia anaitwa mbu. Mdudu na ugonjwa, jina moja! Koch aliyaandika hayo, naye kwa upande wake akaona kwamba Kwai, huko juu Usambara, ni mahali salama.

Watu wa Buha na watu wa Usambara hawakuwa na shule moja, lakini walikuwa na milima ya namna moja na busara ya namna moja. Waha walijenga nyumba zilizotawanyika kwenye migongo ya vilima, kila kaya na migomba yake, moto ukiwaka ndani na moshi ukitafuta njia katika nyasi za paa. Mabonde yaliachwa kwa maji, matete na malisho ya kiangazi. Walipoteremka, waliteremka kwa kazi maalumu. Chukua mfano wa chumvi ya Uvinza. Chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Ruchugi ziliwavuta watu kutoka Buha na kwingineko kwa mamia ya miaka. Walikwenda wakati wa kiangazi, wakajenga vibanda vya muda, wakachemsha, wakafunga mizigo, na mvua zilipoanza wakarudi kwao mlimani. Sababu yao haikuwa mbu. Mvua huleta mafuriko, maji ya chumvi yakachanganyika na ya mto, na kazi ikawa haiwezekani. Hata hivyo matokeo ni yale yale: wakati mbu wa bondeni wanapokuwa wengi, watu wa mlimani walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Kulikuwa na ndui, njaa, papasi na homa zake, na vita. Lakini palikuwa na mpango wa maisha uliomweka binadamu upande mmoja na mbu wa malaria upande wa pili, na swali la leo ni nani aliuvunja mpango huo.

Wa kwanza kuuvunja alikuwa kodi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, na baada ya vita Waingereza wakashika nchi. Mkoa wa Kigoma haukupewa zao kubwa la fedha la kuulinganisha na kahawa ya Bukoba au pamba ya Sukuma. Zao lake likawa ni vijana wake. Kijana wa Kasulu au Kibondo aliyetaka shilingi za kodi, na baadaye za baiskeli na za mahari, alishuka Kigoma kwa miguu, akapanda gari moshi, akaenda kukata mkonge Tanga. Kuanzia mwaka 1944 chama cha wenye mashamba cha kukusanya vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU, kilifanya kazi hiyo kwa utaratibu mkubwa, kikiwaandikisha watu na kuwasafirisha kama shehena. Hao ndio manamba.

Fikirini kijana huyo. Mtoto aliyezaliwa ufukweni mwa ziwa au pwani ya Tanga huugua malaria mara nyingi akiwa mdogo. Wengi hufa, na hilo tusilisahau tunapozungumza juu ya kinga ya mwili, maana kinga hiyo inalipiwa kwa makaburi ya watoto. Anayepona huwa sugu kidogo kila mwaka, na akiwa mtu mzima homa humlaza siku mbili tu akaamka. Kijana wa Heru Juu hakuwa na usugu huo. Alikuwa na misuli na umri wa miaka 20, lakini mbele ya malaria alikuwa kama mtoto mchanga. Alilala katika kambi ya mkonge pasipo chandarua, katika nchi ambayo wakubwa wa Serikali walipewa kwinini na nyumba zenye wavu madirishani, na mitaa yao ikajengwa mbali na ya Waafrika kwa sababu, walisema, damu ya Mwafrika ndiyo ghala la malaria. Mkataba ulipokwisha, kijana alirudi nyumbani na shuka, pesa kidogo na vijidudu ndani ya damu. Kwa baridi ya mlimani vijidudu hivyo havikuenea upesi. Lakini tangu hapo mgonjwa wa kumwambukiza mbu hakukosekana.

Wa pili kuuvunja mpango huo alikuwa mdudu mwingine, na hapa ndipo historia ya Kasulu na Kibondo inapokuwa na funzo la pekee. Mbung'o, au ndorobo kama wengi wa magharibi wanavyomwita, alikuwa akieneza malale katika mapori ya nchi ya Buha. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na Idara iliyoongozwa katika jambo hilo na Dakta George Maclean, na dawa yake kubwa ilikuwa ni kuhamisha watu. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: mbung'o anapenda kichaka, watu wengi wakikaa pamoja wakalima, kichaka kinakwisha, na mbung'o anakwisha nacho. Kuanzia mwaka 1933 maelfu ya watu wa Buha walitolewa katika makazi yao yaliyotawanyika wakakusanywa katika makazi maalumu ya malale. Amri zilipitia kwa watawala wa kienyeji, ambao sheria ya mwaka 1926 iliwapa uwezo wa kuamuru mambo ya afya na usafi, na pia iliwapa kazi ngumu ya kumwambia mtu wao aiache migomba aliyoipanda babu yake. Nyuma yao pori likarudi. Upande ule wa mashariki wa Kibondo ndiko liliko leo Pori la Akiba la Moyowosi.

Kwa upande wa malale, tusiwanyime haki yao: kuwakusanya watu kuliokoa maisha, na kuliwezesha madaktari kuwapima watu wengi kwa siku moja. Lakini angalieni hesabu ilivyofanywa. Mahali pa kuhamia palichaguliwa kwa kuulizana maswali mawili matatu: je, kuna mbung'o? Je, kuna maji? Je, gari la Bwana Shauri linafika? Hapakuwa na anayeuliza juu ya mbu. Mbung'o huuma mchana porini, mbu huuma usiku nyumbani. Kumkimbia mmoja kwa kuwasogeza watu karibu na maji, karibu na barabara, nyumba kwa nyumba, ni kumfungulia mlango mwingine. Mtu mmoja mwenye malaria katika kaya iliyo peke yake mlimani huwaambukiza wachache. Mtu huyo huyo katika kijiji cha nyumba mia, kilicho chini penye joto, ana wenzake wengi wa kugawana naye.

Baada ya Uhuru, utawala wa kimila ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na kiti cha Heru Juu kikawa historia. Lakini tabia ya kuwahamisha watu kwa manufaa yao haikufutwa. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwateremsha tena watu kutoka migongo ya vilima kuwaweka katika vijiji vya ujamaa vilivyopangwa kando ya barabara. Shule zilikuja, zahanati zilikuja, na mimi si katika wale wanaosema kwamba hapakuwa na jema. Mtoto aliyesoma Kasulu katika miaka ile anajua alichopata. Lakini swali la mbu halikuulizwa mwaka 1972 kama ambavyo halikuulizwa mwaka 1933. Afisa mwenye ramani alitafuta tambarare, maana nyumba za mistari hazipangiki mlimani. Tambarare ndiko maji yanakotuama.

Hapo katikati kulikuwa na jaribio moja kubwa la kupambana na mbu wenyewe katika nchi yetu, ila halikufanyika Kigoma. Kule Pare Kusini, pamoja na Taveta upande wa Kenya, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini kutoka mwaka 1955 hadi 1959. Malaria ilipungua kwa kiasi cha kushangaza, na vifo vya watoto vikapungua. Halafu upuliziaji ukasimama. Pole pole, katika miaka iliyofuata, ugonjwa ukarudi. Zanzibar nako Shirika la Afya Duniani liliendesha upuliziaji hadi mwaka 1968, ukaachwa, malaria ikarudi visiwani kwa kishindo. Na ule mpango wa dunia nzima wa kufuta malaria, uliotangazwa mwaka 1955, uliziacha kando sehemu kubwa za Afrika, kwa maelezo kwamba kazi ya huku ni ngumu mno. Basi Kigoma ikaendelea na klorokwini.

Kidonge cha klorokwini kilikuwa rafiki wa kweli. Chungu, kinawasha mwili, lakini kinaponya, na bei yake hata mlima ndizi aliimudu. Kwa miaka mingi klorokwini ilificha makosa yote niliyoyataja. Watu walihamishiwa kwenye mbu, lakini dawa ilikuwapo. Tatizo ni kwamba kijidudu nacho kilijifunza. Ilipofika miaka ya 1990 klorokwini ilikuwa inashindwa mahali pengi nchini, na mwezi Agosti 2001 Serikali ikaiacha rasmi na kuingiza SP. Hiyo nayo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ilianza kutumika dawa mseto ambayo sote tunaijua.

Na ni katika miaka hiyo hiyo, wakati klorokwini ikifa mikononi mwa waganga, ndipo watu wengi kupita wakati wowote walipoingia mkoani Kigoma. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakavuka mpaka kwa maelfu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1996 vita vya Zaire vikawaleta Wakongo kupitia ziwani. Kambi zikafunguliwa: Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu wilayani Kasulu, Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago upande wa Kibondo. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, Nyarugusu ikajaa kupita kiasi, na Nduta ikafunguliwa upya.

Wako wanaosema wakimbizi walileta malaria Kigoma. Nasikia maneno hayo hata kwa watu wenye elimu, nami nayakataa. Mrundi aliyetoka katika vilima vya Karuzi au Kayanza ni mtu wa nyanda za juu kama Mha wa Heru Juu. Lugha zao zinasikilizana, migomba yao ni ile ile, na mwili wake haujazoea malaria kali. Mkongo wa mwambao wa Fizi amekulia katika malaria. Waweke wawili hao katika hema zinazopakana, katika ardhi ya chini iliyofyekwa miti, yenye mitaro ya maji machafu na mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya udongo wa kujengea, na hema haina dirisha la kuwekwa wavu. Mmoja anabeba vijidudu bila kuugua sana, wa pili anavipokea na kuzidiwa. Nani alaumiwe, jirani au mahali? Ardhi ya kambi huchaguliwa kwa sababu haina mwenyewe. Ardhi isiyo na mwenyewe katika Buha, mara nyingi, ni ile ambayo wazee waliiacha makusudi.

Kwamba nyanda za juu nazo si ngome tena, Burundi ilituonyesha kwa machozi. Kati ya mwisho wa mwaka 2000 na mwanzo wa mwaka 2001 mlipuko wa malaria uliikumba mikoa ya vilima ya nchi hiyo: Karuzi, Kayanza, Ngozi. Katika nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 7, wagonjwa walioandikwa walizidi milioni 2 na nusu. Sababu zilikuwa nyingi, zikashikana mikono. Vita vilikuwa vimewatoa watu majumbani na kuwadhoofisha kwa njaa. Klorokwini ilikuwa haifanyi kazi. Na mabonde ya majimaji, ambayo zamani yalikuwa matete matupu, yalikuwa yamelimwa, pamoja na mpunga. Kabale, huko Uganda, wachunguzi walikwisha kuona kitu cha namna hiyo: mabonde yaliyoondolewa mafunjo na kulimwa yalikuwa na joto zaidi usiku kuliko mabonde yaliyoachwa, na nyumba za jirani zilikuwa na mbu wengi zaidi. Sisi wenyewe tulipata ya kwetu Muleba mkoani Kagera, baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na tena mwaka 2006.

Kwa hiyo jibu la swali langu la mwanzo ni hili. Mbu hakupanda Heru Juu kwa miguu yake. Sisi tuliteremka kwake, kwa kodi, kwa amri na kwa vita. Kisha tukamwandalia makazi karibu na kwetu. Tembea leo kutoka mji wa Kasulu kwenda vijiji vya jirani. Nyumba za matofali ya kuchoma zimeenea, na ni maendeleo, maana nyumba ya matofali yenye bati na dari humzuia mbu kuliko ya nyasi. Lakini kila nyumba imeacha shimo mahali udongo ulipochimbwa. Mvua ikinyesha, shimo ni bwawa dogo la maji ya wazi yanayopigwa na jua, na hakuna kitu anofelesi anachokipenda kama hicho. Ongeza bustani za bondeni, ongeza mabwawa ya samaki yasiyotunzwa. Na joto la dunia linaongezeka.

Serikali haikukaa bure, na historia ya haki lazima iseme hivyo. Kule Kilombero na Ulanga, mwaka 1997, watafiti wa Ifakara walianza kuuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, na ikathibitika kwamba watoto waliolala ndani yake walipona kifo. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo kwa mama mjamzito. Miaka ya 2008 hadi 2011 vyandarua viligawiwa bure kwa mamilioni, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, baadaye kwa kaya zote. Katika nchi nzima malaria ilishuka sana. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulikuta vijidudu katika damu ya watoto 7 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano, asilimia 7.3 kwa usahihi. Lakini katika uchunguzi huo huo mkoa mmoja ulikuwa wa mwisho kwa ubaya: Kigoma, asilimia 24.4. Yaani mtoto mmoja kati ya wanne.

Mkoa wenye milima ya baridi, ambao watu wake wa zamani walijua mahali pa kujenga, ndio ulioshika mkia.

Nimesikia maelezo mepesi ya jambo hilo. Kwamba watu wa Kigoma hawatumii vyandarua, kwamba wanavulia dagaa, kwamba wanafunikia mbegu. Ni kweli wako wanaovulia, na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika unalijua hilo. Lakini Heru Juu hakuna dagaa wa kuvua. Chandarua ni kinga ya kitanda. Hakimlindi mtu anayelinda shamba la bondeni usiku dhidi ya nguruwe na nyani, wala mama anayepika nje saa mbili za usiku, wala familia ya watu 7 iliyopewa vyandarua 3. Tena mbu wamekuwa sugu kwa dawa ya vyandarua vya zamani. Majaribio yaliyofanyika Muleba na baadaye Misungwi mkoani Mwanza yameonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa mbili ni bora kuliko vya dawa moja, na ndivyo ambavyo wilaya za namna hii zinastahili kupelekewa.

Iko pia dawa-ukoko ya kupulizia kuta. Kwetu ilianzia Kagera mwaka 2007, na kuanzia mwaka 2020 ikafika Kakonko, Kibondo na Kasulu. Fedha zake zilikuwa za Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada lilikuwa limefungwa. Sina haja ya kulaumu mgeni kwa kuondoka na mfuko wake. Pare walikwisha kuliona hilo mwaka 1959. Lakini wilaya zilizohamishwa mara tatu katika miaka mia moja, kwa amri ya mkoloni, kwa amri yetu wenyewe, na kwa vita vya majirani, zinaidai nchi hii kitu zaidi ya kungojea mfadhili mwingine.

Tena chombo kipo. Kibaha, mkoani Pwani, kiko kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kwenye maji, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alizitaka halmashauri zote zinunue dawa hiyo. Ziko zilizonunua mara moja zikapiga picha. Dawa ya viluwiluwi si ya kila mahali. Katika tambarare zenye madimbwi yasiyohesabika wakati wa masika ni kazi ya bure. Lakini nyanda za juu ni tofauti. Huko maji hayatuami ovyo, yanatuama bondeni na kwenye mashimo, nayo yanajulikana. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuyataja bila karatasi. Mashimo mengi hayahitaji hata dawa, yanahitaji mwenye nyumba aambiwe kwamba kibali cha kufyatua matofali kinakwenda na wajibu wa kufukia. Yaliyobaki ndiyo ya kupigwa dawa ya Kibaha, ambayo inauzwa kwa lita, na bajeti ya halmashauri hupangwa miezi mingi kabla ya mvua za Novemba kuanza.